Kanga wakifunguliwa kuwindwa kihalali, msimu uwe lini na mtu apige wangapi?

#1 MkulimaNwoya
Wakuu, salaam.

Jumanne saa moja asubuhi nilikuwa kando ya barabara ya Purongo, hapa Nwoya kaskazini mwa Uganda, nangoja gari la kuchukua mahindi yangu. Boda ikasimama kutia upepo. Nyuma kuna gunia limetobolewa matundu na linatikisika. Ndani kanga kumi na mmoja, wamefungwa miguu kwa vipande vya mpira wa tairi. Nikamwomba kijana anionyeshe mmoja. Nikamgeuza chali: tumbo limenyonyoka, ngozi tupu, nyekundu, ina joto kiganjani kama kikombe cha bati chenye chai. Anayefuga kuku anajua maana yake. Huyo ametolewa juu ya mayai. Nikawageuza wote. Sita kati ya kumi na mmoja ni hivyo hivyo. Nikamuuliza kijana wanawakamataje, akasema hawahangaiki na kundi, wanatafuta kijinjia cha majike kwenda kiotani kisha wanatega vitanzi.

Kiota kimoja cha kanga kina mayai sita, nane, kumi na mbili, na majike wakitaga pamoja hufika hata ishirini. Zidisheni wenyewe.

Hoja yangu ni hii. Marufuku ya kuwinda ipo, na gunia nimeliona. Anayeiba hachagui mwezi. Mimi nasema afadhali wafungue rasmi, wenye kibali wapige kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Februari, kanga wanne kwa mtu kwa siku, halafu sisi wanavijiji tuwe na sababu ya kumlinda jike Septemba. Nimekosea wapi? Na wenzangu wa mikoa mingine, kwenu msimu ungekuwa lini?

#2 Mzee_wa_Bombo
Mwanangu, kabla ya tarehe tuanze na sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku nchi hii mwaka 1979, baada ya miaka ya Amin ambayo wanyama walipigwa kwa bunduki za vita hadi mbuga zikabaki mifupa. Marehemu baba yangu alikuwa na bunduki ya marisau (vijipande vya risasi) ya mitutu miwili, na leseni yake aliihifadhi ndani ya Msahafu. Nilikuwa mtoto nikimbebea kanga. Siku hizi sheria ya wanyamapori ya 2019 ni kali mno, ukikutwa na ndege wa porini ni kifungo cha maisha. Huyo kijana wa boda angejua asingesimama kutia upepo.

#3 Tombo_Busia
Hapa kwetu Busia habari si kanga, ni tombo, wale tunaowaita isindu. Babu alikuwa na mlingoti mrefu kuliko nyumba, umetundikwa matundu yaliyosukwa, moja juu ya jingine, kila tundu na dume ndani. Alfajiri wanaanza kuita, wa angani wanasikia, wanashuka kwenye nyasi fupi ambako babu ametandika vitanzi. Mvua ikianza wanakuja, ikihama wanahama nayo. Sasa niambie, mkulima, ndege asiye na kwao utamwekea msimu gani? Leo yuko kwangu, wiki mbili zijazo yuko Kenya.

#4 Wakili_Jinja
#2, shikamoo mzee, lakini hapo pa adhabu tusahihishe. Kifungo cha maisha na faini ya hadi shilingi bilioni 20 vimewekwa kwa makosa yanayohusu spishi zilizo hatarini kutoweka. Kwa kanga wa kawaida adhabu iko chini ya hapo, ingawa kosa linabaki kosa.

Jambo la pili, watu wengi wanasema "uwindaji umefungwa" kana kwamba hakuna mlango kabisa. Mlango upo. Sheria ya 1996 iliyoanzisha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, ilileta haki za matumizi ya wanyamapori kwa madaraja: A ni uwindaji, B ufugaji, C ranchi, D biashara, E elimu na utafiti, F uchumaji wa jumla. Uwindaji wa kitalii ulianza tena kwa majaribio mwaka 2001 kwenye ranchi zinazopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo, kwa mgao unaotolewa na UWA. Kwa hiyo swali la #1 si ndoto. Ila tujue kwamba mgao ule hutolewa kwa mwenye haki katika eneo lake. Haimaanishi kila mwenye gobore aingie porini tarehe fulani. Hayo ni mambo mawili tofauti.

#5 NakiruMoroto
Mnazungumza Desemba kama vile Uganda ni shamba moja. Kusini mna mvua mbili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Huku Karamoja mvua ni moja, inaanza Aprili hivi, inachechemea, inaisha. Kanga wanafuata mvua. Kundi linavunjika mvua ikianza, wanatoka wawili wawili, wanataga. Kiangazi wanarudi kundini. Mkiweka tarehe moja nchi nzima, kuna wilaya itapigwa ikiwa na vifaranga.

Na kuna jambo linaniuma zaidi kuhusu hiyo Januari na Februari yenu. Kweli hakuna mayai, lakini hakuna na maji. Njooni Moroto mwezi wa pili. Mto ni mchanga, watu wamechimba visima ndani yake, na ndege wote wa bonde zima wanakunywa kwenye madimbwi mawili matatu. Kanga, firigogo, hua, wote pale. Mtu akijificha nyuma ya ukingo na bunduki ya marisau, dakika kumi zinamtosha kumaliza kundi ambalo wakati wa mvua asingeliona hata kwa wiki. Msimu unaomwokoa jike kiotani ndio huo huo unaomuua mtoni. Hilo mmelifikiria?

#6 MkulimaNwoya
#5 dada, hilo la maji sikulifikiria, nakushukuru. Huku tuna Nile karibu, ndege hawabanwi hivyo. Basi tuongeze sharti: hakuna kupiga karibu na maji, mita mia tano.

#3, tombo nakubali ni mgumu. Mimi nilianzisha kwa kanga.

#7 Kijana_Makerere
Nasoma mambo ya wanyamapori, niruhusuni niingize nadharia moja kwa sababu ndiyo iliyo chini ya mjadala wote.

Mmarekani Paul Errington alichunguza tombo wa kwao, bobwhite, miaka ya 1930. Aliona kwamba eneo lina nafasi na maficho ya ndege idadi fulani tu. Wanaozidi hapo hufa hata hivyo, kwa njaa, baridi, mwewe au mbweha. Kwa hiyo mwindaji akiwachukua hao wa ziada kabla hawajafa, wanaobaki mwisho wa msimu mgumu ni karibu idadi ile ile. Ndiyo maana wengi huweka msimu baada ya makinda kukua na kabla ya kipindi kigumu. Upande mwingine wapo wanaosema kila ndege unayepiga ni pengo jipya juu ya vifo vya kawaida. Utafiti wa bata huko Marekani uliofuata umeonyesha mchanganyiko: mpaka kiwango fulani vifo vinafidiana, ukivuka hapo hesabu inaanza kuharibika.

Kwa nadharia hiyo, pendekezo la #1 limechelewa. Angefungua Novemba, ndege wakiwa wengi, akafunga Januari kabla kiangazi hakijauma. Wanaofika Februari wameshapita mchujo. Hao ndio wazazi wa mwaka ujao.

#8 Mzee_wa_Bombo
Wakili, asante, umenisahihisha vizuri.

Kijana, mbweha wa Amerika na theluji yao siwajui. Hapa kwetu wazee walikuwa na kipimo chao. Mganda wa ukoo wa Ngaali hali korongo mwenye taji. Wa ukoo wa Nyange hali nyange. Hakuna askari, hakuna tarehe, na ndege wakaishi.

#9 Tombo_Busia
Mzee, heshima zako, lakini wa ukoo wa Ngaali hamli ngaali, wa ukoo mwingine je? Hakuna ukoo unaomkataza mtu wa ukoo mwingine. Na ngaali huyo huyo tangu 2012 amewekwa kwenye orodha ya kimataifa ya walio hatarini. Muziro, yaani mwiko wa ukoo, haukumsaidia vinamasi vilipolimwa mpunga.

#10 AcholiHalisi
Niongeze la kwetu, maana #1 ni jirani na hakulitaja. Acholi hatukuwinda kila siku. Kulikuwa na won arum, mwenye pori la kuwindia, na watu walimngoja. Yeye ndiye anasema leo tunachoma nyasi, leo tunawinda, na akisema bado, ni bado. Alichoma kiangazi, nyasi zikikauka. Kwa hiyo hiyo Desemba hadi Februari ya #1 ni msimu wa babu zetu, hakuitunga yeye. Tofauti ni kwamba sasa won arum hana nguvu, ardhi imegawanywa, na kila kijana ana kiberiti chake.

#11 NdegeEntebbe
Naongoza watalii wa ndege kwenye kinamasi cha Mabamba na kwingineko, miaka kumi na mbili sasa. Nataka niulize jambo ambalo wawindaji hulikwepa: mtu wa kawaida atajuaje anampiga nani?

Chukueni kwale. Watu husema "kwale" kama vile ni ndege mmoja. Kwale wa Uganda ni wengi. Yupo mwenye shingo nyekundu anayekula kando ya mashamba, yupo wa kaskazini peke yake, na yupo kwale wa Nahan anayekaa ndani ya misitu kama Budongo, Bugoma na Mabira, ambaye hali yake ni mbaya na anatazamwa na dunia nzima. Akiwa anakimbia kwenye majani makavu saa kumi na mbili asubuhi, hata mimi nahitaji darubini. Ukifungua "kwale", umemfungulia na huyo.

Halafu kuna bata. Oktoba wanaanza kuingia kutoka Ulaya na Siberia, wanaondoka kuelekea Machi. Uganda ni mwanachama wa AEWA, mkataba wa ndege wa majini wanaohama, tangu 2000. Bata anayelala Ziwa Bisina si wako peke yako, kuna nchi kumi zinamhesabu kuwa wake.

#12 Mgogo_wa_Manyoni
Wakuu, nachangia kutoka Tanzania, naomba mnikaribishe. Sisi msimu wa wenyeji kuwinda ni Julai mosi hadi Desemba 31, kwa leseni. Kwenye karatasi ni mzuri. Lakini huku kwetu kati mvua inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na kanga nao wanaanza. Kwa hiyo mwezi wa mwisho wa msimu unagongana na mwezi wa kwanza wa mayai. Mvua ikiwahi inagongana zaidi. Nimemwona mwenzangu amepiga jike, tukampasua, tumboni yai lenye ganda tayari. Alikuwa ndani ya sheria kabisa. Kwa hiyo dada wa Moroto ana haki. Tarehe haijui mvua.

#13 NakiruMoroto
#12 umenena. Afadhali msimu ufunguliwe kwa tangazo la kila mwaka, mtu aende kuona kundi limerudi au bado, kama won arum wa #10.

#14 Wakili_Jinja
#13, tangazo la kila mwaka ni zuri mpaka ufike mahakamani. Mshtakiwa atasema redio ya kijiji chake haikutangaza. Ndiyo maana sheria hupenda tarehe zilizoandikwa. Waingereza wana tarehe zao za ndege tangu 1831, na Marekani mkataba wao wa 1916 kuhusu ndege wahamao unafunga kuanzia Machi 10 hadi Septemba mosi, na msimu hauzidi miezi mitatu na nusu. Ndani ya fremu hiyo ndipo kila mwaka hupanga siku na idadi kulingana na hesabu. Labda tuchanganye: sheria iweke fremu isiyovukwa, na ndani yake mkoa utangaze.

#15 Fundi_Baiskeli_Lira
Wote mnagombania tarehe, hakuna aliyepiga hesabu ya "wanne kwa siku". Desemba 15 hadi Februari 28 ni siku 76. Wanne mara 76 ni kanga 304. Kwa mtu mmoja! Kijiji kikiwa na watu kumi wenye kibali, 3,040. Mkulima, Nwoya nzima kuna kanga wangapi?

#16 MkulimaNwoya
#15 umenikamata vizuri. Nilifikiria mtu wa Jumapili moja moja, sikufikiria mtu wa kila siku. Basi tuseme wanne kwa siku lakini wasizidi ishirini kwa msimu, na kila ndege afungwe lebo mguuni. Lebo zikiisha, umemaliza.

#17 Fundi_Baiskeli_Lira
Na asikutwe na zaidi ya wanane nyumbani, hata akiwa na friji. Bila hivyo mtu atasema hawa wa jana, hawa wa juzi, hawa wa shemeji.

#18 Kijana_Makerere
Wamarekani wana ukomo huo huo wa alichonacho mtu, mbali na ule wa siku. Fundi umefika huko bila darasa, nakupongeza.

#19 MamaKaranga_Masindi
Samahani wenye mbuga, nami nina la kusema. Nimepanda karanga ekari moja na nusu. Kanga wanakuja alfajiri, wanafuata mstari kama wamepimiwa kamba, wanafukua mbegu moja moja. Mwaka jana nilirudia kupanda mara mbili. Nilikwenda kwenye ofisi moja kuuliza, nikaambiwa nifukuze kwa kelele. Watoto wangu waende shule au wakae shambani kupiga madebe? Mkiweka msimu Desemba, mbegu zangu zinaliwa Aprili na Septemba. Msimu wenu unamsaidia nani?

#20 AcholiHalisi
Mama pole sana. Hapo ndipo watu huchukua sumu. Jirani yangu alichanganya dawa ya wadudu na mahindi, akamwaga pembeni. Kanga walikufa, ndiyo. Wakafa na hua, wakafa kuku wa shemeji yake, na mbwa aliyekula kuku. Watoto waliokota hua wawili, mama yao akawahi kuwanyang'anya wakiwa wameshawasha moto.

#21 Shirandula_Kakamega
Majirani hamjambo. Hilo la sumu sisi Kenya tunalijua. Mashamba ya mpunga ya Bunyala, karibu kabisa na Busia ya #3, watu walitumia karbofurani, dawa kali ya wadudu, kuua ndege wa majini wa kuuza, tena wakimfunga korongo hai kama chambo ili wenzake washuke. Nyama hiyo ikaliwa na binadamu. Kenya imefunga uwindaji tangu 1977, isipokuwa ndege wachache kwa leseni, na marufuku haikumzuia mtu wa Bunyala.

Lakini msidhani kufungua soko ni dawa. Mwaka 2013 watu walisikia mayai ya tombo yanatibu kila ugonjwa. Kila mtu akaomba leseni ya kufuga, wengine wakauza ng'ombe. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, yai likawa halina mnunuzi. Ndege wa porini akishakuwa biashara, biashara ndiyo inayopanga msimu.

#22 Tombo_Busia
#21 shemeji, nakumbuka. Mjomba wangu alibaki na tombo mia mbili na hana chakula cha kuwapa. Akawafungulia wote jioni moja. Paka wa mtaa mzima walinenepa wiki hiyo.

#23 NdegeEntebbe
Mama Masindi, nakuonea huruma, na sisemi kanga ana haki kuliko mtoto wako. Lakini mharibifu wa shamba na msimu wa kuwinda ni mafaili mawili. Kwa mharibifu, mwenye shamba apewe ruhusa ya hapo hapo, kwa siku kadhaa, kwenye shamba lake tu, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ajue. Tukichanganya, kila mwindaji atanunua robo ekari apande karanga tano.

#24 Dereva_Arua
Mimi niulize la jikoni. Kanga wa porini mnampika vipi akaiva? Niliwahi kumchemsha tangu saa nane hadi magharibi, bado anavutana na meno.

#25 MamaKaranga_Masindi
Mfunge kwenye majani ya mpapai usiku mmoja, kesho mchemshe na chumvi kidogo, ndipo umkaange na odi ya karanga (karanga zilizosagwa). Mwenye kofia kubwa ya mfupa kichwani ni mzee, huyo hata mpapai unamheshimu. Tafuta mwenye kofia fupi, kichwa bado kina manyoya ya kahawia.

#26 Kijana_Makerere
Mama umetoa kipimo ambacho sisi tunakisomea muhula mzima! Kofia fupi na kichwa cha kahawia ni ndege wa mwaka huu. Ukihesabu kwenye kundi la Januari wangapi ni wa mwaka huu na wangapi ni wazee, unajua mvua iliyopita ilizaa au haikuzaa. Vijana wakiwa wengi, mgao upande. Wakiwa wachache, usifungue hata kama tarehe imefika. Marekani baadhi ya wawindaji wa bata hutuma bawa la kila bata waliyempiga kwenye bahasha ya serikali, wataalamu wanasoma umri wake. Hapa mtu angekabidhi kichwa cha kanga kwa LC1, inatosha.

#27 Fundi_Baiskeli_Lira
Ila kumbuka mwindaji anachagua mlaini wa kula. Vichwa vitakavyoletwa vyote vitakuwa vya vijana, na wewe ofisini utaandika "kizazi kimeshamiri".

#28 Kijana_Makerere
Kweli. Basi kuhesabu kufanyike kabla ya kufungua, kwa macho, na asiyewinda.

#29 Kapchorwa_Juu
Nimesoma yote. Mnasahau kwale. Kanga anataga mvua ikikolea, lakini kwale wengi hutaga mvua ikielekea kuisha na kuingia kiangazi. Nimekuta mayai ya kwale Desemba, kwenye nyasi zilizobaki baada ya mtama kuvunwa, jike amelala juu yake hasogei mpaka mguu wangu ulipofika shubiri moja. Kwa hiyo msimu wa kanga ukifunguliwa Desemba, mbwa na moto wa wawindaji wa kanga vitapita juu ya viota vya kwale. Na #10, huo moto wa won arum unaousifu, yai la kwale haliwezi kukimbia.

#30 AcholiHalisi
#29 nimekuelewa. Wazee walichoma kipande kwa kipande, palibaki pa kukimbilia. Ila yai, hapana, sina jibu.

#31 Mzee_wa_Bombo
Hakuna aliyegusa marisau. Baba alipiga bata kwenye kinamasi, na kila mfyatuko ni vipande mia na zaidi, ndege anapata vinne vitano, vingine vyote vinazama kwenye tope. Bata humeza vijiwe vya kusagia chakula tumboni. Anameza na marisau. Yale ni madini ya risasi, ni sumu. Mwanangu mmoja daktari wa mifugo ndiye aliyenieleza, nikasikitika kwa vile tulivyokuwa tunajivunia.

#32 NdegeEntebbe
Mzee uko sahihi kabisa. AEWA uliwataka wanachama waachane na marisau ya risasi kwenye maeneo oevu, na lengo la mwanzo lilikuwa mwaka 2000. Marekani waliyakataza kwa bata nchi nzima mwaka 1991, wanatumia chuma. Kwa hiyo kabla hata ya msimu wa bata tuulize dukani Kampala kuna marisau ya chuma?

Na bata tuwaache kwanza. Januari 2017 mafua ya ndege yalithibitishwa Lutembe, hapa karibu na kwangu. Nilikuwa nikiwaona shakwe wadogo weupe wamelala ufukweni mabawa wazi. Sasa mfikirie mtu anawakamata, anawaweka guniani, anapeleka sokoni kwenye kuku.

#33 Wakili_Jinja
Bado sijasikia nani atalipa. Mgambo wa kukagua lebo miguuni mwa kanga anatoka wapi, wakati mbuga zenyewe zinalia hazina askari wa kutosha wa tembo? Wamarekani walipata fedha kwa wawindaji wenyewe: stempu ya bata tangu 1934, kisha kodi ya bunduki na risasi tangu 1937. Walifika huko baada ya kupigwa na aibu. Njiwa msafiri aliyekuwa akifunika anga lao aliwindwa bila msimu wala idadi, na wa mwisho, Martha, alikufa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati Septemba mosi 1914. Sisi mwindaji wetu ni kijana wa boda. Atalipa stempu?

#34 Dereva_Arua
Atalipa akiona jirani analipa. Vibali vya boda vilianza hivyo hivyo. (Mama Masindi, mpapai umefanya kazi. Kuku tu lakini, msinishtaki.)

#35 NakiruMoroto
Kwangu jibu la #33 liko kwenye asilimia 20 ya viingilio vya mbuga inayorudi wilayani. Kwa ndege fungu liende moja kwa moja kwenye kijiji kilichohesabu. Kijiji kisichohesabu kisipate lebo.

#36 Kapchorwa_Juu
Kijiji kitahesabu wengi ili kipate lebo nyingi, dada yangu.

#37 NakiruMoroto
Kihesabiwe na kijiji jirani, ambacho kinagombania lebo hizo hizo.

#38 Tombo_Busia
Hapo sasa Karamoja wametushinda wote.

#39 Kijana_Makerere
#1, umekaa kimya. Wewe uko shambani, sisi tuko kwenye simu. Hebu anza wewe. Sasa wametawanyika na nyasi ni ndefu, kundi hutaliona, lakini baada ya mvua ya usiku hutoka barabarani kujikausha. Tembea barabara ile ile, umbali ule ule, asubuhi tatu. Andika wazazi, vifaranga na kwale. Njoo na namba.

#40 MkulimaNwoya
Nimerudi. Samahani kwa siku tano za kimya, nilikuwa natembea.

Kilomita tatu za murram, kuanzia daraja la mbao hadi kwenye mwembe wa shule, saa kumi na mbili na nusu, asubuhi tatu zenye umande.

Asubuhi ya kwanza: kanga wazima tisa, kati yao jozi mbili zina vifaranga, saba na watatu. Kwale wanne.
Ya pili: wazima sita, jozi moja yenye vifaranga saba, nadhani ni wale wale. Kwale saba.
Ya tatu: wazima kumi na mmoja. Vifaranga watano tu. Nikawafuata kwa macho: wanatembea nyuma ya baba, mmoja nyuma ya mwingine, miguu myekundu kama imechovywa rangi. Mama hakuwepo. Dume peke yake anawaongoza, kila hatua anasimama, anageuza shingo kwenye nyasi upande wa kulia, anaita, anangoja. Nilikaa pale karibu nusu saa. Kisha nikaingia kwenye nyasi upande aliokuwa anaangalia. Hatua kumi na tano ndani kuna kijinjia, na kwenye kijinjia vitanzi vitatu vya waya wa breki. Viwili vimekaza. Kimoja kina manyoya.

Nimeving'oa, ninavyo hapa mezani. Kijana, jozi yenye vifaranga na dume mwenye vifaranga peke yake unawaandika kwenye safu moja au mbili?

#41 Kijana_Makerere
Mbili. Na kesho pita tena, kanga akifiwa wakati mwingine hujiunga na jozi nyingine. Andika saa.